Ukingo wa Mkeka wa Ndago

Eliwaza amezikwa kwao Upare mwezi uliopita, na magoti yangu hayakukubali safari. Mpwa wake alinipigia simu msiba ukiwa bado mbichi, akaniuliza kwa adabu kama ninayo picha ya shangazi yake alipokuwa kijana, wapate kuichapa kwenye karatasi za ibada. Picha! Mwaka ule tuliokuwa pamoja Ushongo hatukupigwa picha hata moja. Mpiga picha alikuwa ng'ambo ya mto, Pangani mjini, na sisi tulivuka kwa shida za maana tu. Nikamwambia sina. Baada ya kuweka simu nikakaa kitandani nikilia, kisha nikacheka peke yangu, maana picha ninayo ila haichapiki: Eliwaza amezama kinamasini mpaka magotini, kanga kaifunga ovyo kama walivyofunga watu wa bara siku zile, mundu mkononi, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kufukuza ndege huku akikata ndago mbichi na kavu bila kubagua. Hiyo ndiyo nitakayomwandikia mpwa wake, na wanangu wakitaka wasome.

Habari za nani alimzaa nani nitaziacha. Itoshe kusema kwamba ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa mke wa mtu mjini Tanga, kijana bado, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa kimya. Nasema kimya kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Chumba kizima kilingoja sauti na sauti haikuja. Wakati ule watu hawakumfanya mtu akae azungumzie jambo kama hilo. Walikuogesha, wakakupa uji, wakakwambia Mungu atakupa mwingine, na baada ya hapo ukionekana unalia unaambiwa unakufuru. Kwa hiyo niliposhika mimba ya pili sikufurahi, niliogopa, na mume wangu aliogopa zaidi yangu ingawa alijitia kupiga miluzi. Mimba ilipoanza kuonekana, Mamkubwa Mwanajuma, dada wa mama yangu, akaja mwenyewe kutoka Ushongo kunichukua. Alikuwa mkunga, mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno ya kubembeleza. Hakuuliza ruhusa. Alikaa kwenye jamvi letu, akanywa chai, akamwambia mume wangu, "Huyu namchukua. Wa kwanza mlizalisha nyie, huyu nitamzalisha mimi."

Nyumba yake ilikuwa na ukumbi wenye giza na vyumba viwili kila upande, na uani kulikuwa na jiko, kisima, na kibanda cha makuti kisicho na kuta. Kibanda hicho ndicho kilichokuwa nyumba yenyewe, sisi wengine wote tulikuwa wapangaji. Ndago zilianikwa humo, chini ya kivuli, kwa sababu ndago ikipigwa na jua kali hukauka upesi ikavunjika unapoipinda. Wasomi wameniambia kwamba ndago ya kweli ina bua la pembe tatu, na hiyo yetu, yenye bua la mviringo lisilo na jani, ina jina jingine. Sawa, lakini sisi tuliita ndago. Ilimea bondeni nyuma ya minazi, pale maji ya mvua yalipokutana na maji ya chumvi, na ukilipasua bua lake ndani mna uti mweupe, laini, ambao Mamkubwa aliutumia kuwa utambi taa ilipokosa. Wenzetu wengi wa pwani walisuka mikeka ya ukindu. Mamkubwa naye alikuwa nayo, ya kukalia wageni. Lakini mkeka wa kuzalia, kwake, ulikuwa wa ndago tu, kwa kuwa ni baridi na hauchomi mgongo.

Eliwaza alitufikia kwa sababu ya sakafu. Mumewe alikuwa karani wa shamba la mkonge lililokuwa nyuma ya kijiji, wakapewa nyumba yenye sakafu ya saruji, na kila alipokaa chini alisikia baridi inampanda. Akaambiwa yuko mwanamke Ushongo anayesuka. Alikuja asubuhi moja ya kipupwe, amevaa gauni lenye kola na viatu amevishika mkononi, akasimama mlangoni akasema, "Hodi hapa. Shikamoo mama." Mamkubwa akaitikia marahaba bila kuinua macho. Eliwaza akasema hataki kununua mkeka, anataka kujifunza kuusuka. Mamkubwa akamtazama vidole, akamtazama viatu, akasema, "Wewe umesoma?"

"Nimesoma, mama. Shule ya misheni."

"Walikufundisha nini huko?"

"Kusoma, kuandika, kuimba, na kushona."

"Kushona ndiyo kazi. Hayo mengine utanisaidia siku nikipata barua. Kaa."

Akakaa, na toka siku ile tukawa naye. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, ameolewa kwa miaka kadhaa, na hakuwa na mtoto, jambo ambalo hakulitaja na sisi hatukuliuliza, yaani hatukuliuliza mbele yake. Alinifunza kupiga mshono wa msalaba kwenye foronya nami nikamfunza kufunga kanga isimvuke. Mchana tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, naye alikula huku anafumba macho, maana papa alimnukia vibaya. Akalipiza. Siku moja alikuja na sufuria la makande ya kwao, mahindi na maharage mazima mazima. Mamkubwa akatia kijiko kinywani, akatafuna muda mrefu, akauliza kama huko milimani watu hawana vinu. Lakini alikimaliza chakula, na wiki iliyofuata akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama Eliwaza ana mpango wa kupika tena yale madude. Nikikumbuka sasa naona kwamba nilikuwa na raha uani pale kuliko nilivyojua. Mchana nilisahau. Alasiri tu, nilipokwenda kulala, ndipo nilipowasikia Mamkubwa na mumewe, Baba Mkubwa Sefu, wakizungumza ukumbini wakidhani nimesinzia. Baba Mkubwa alisema mambo ya chama, kadi, na nani alizungumza nini msikitini. Mamkubwa alimwacha amalize, akasema, "Mimi nina langu moja. Mtoto akipotea mara ya pili, na mama yake hatutakuwa naye." Sikulia. Nilijishika tumbo nikamwambia aliyekuwa ndani akaze roho.

Mkeka wangu ulianzwa mimba ilipokuwa imekomaa. Mabua yanalazwa sambamba, moja moja, na kushonwa kwa kamba nyembamba za makumbi ya nazi mpaka upana utoshe mtu kulala. Ncha za upande mmoja hukunjwa zikafungwa, huo ndio ukingo. Ncha za upande wa pili huachwa. Zinaning'inia hivyo hivyo, ndefu na fupi, kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Katika nyumba ya Mamkubwa ukingo wa pili haukufungwa mpaka mtoto alie, ili pasiwe na kitu chochote kilichofungwa mahali anapopita. Hata mafundo ya kanga yalifunguliwa, na vifuniko vya mitungi. Mtoto akishalia, mwanamke mkubwa wa nyumba hufunga ukingo ule, na mkeka unakuwa wa mtoto mpaka arobaini. Sijui kama vijiji vingine walifuata hivyo. Sisi tulikuwa tunajua kama mtu anavyojua mlango wa kwao uko wapi, na kwa kuwa tulijua wote, hakuna aliyefungua kinywa kumwambia Eliwaza. Mimi sikumwambia. Mamkubwa hakumwambia. Tulimwona akiutazama ule ukingo mara kwa mara kwa jicho la kuudhika, na tulidhani ana uchovu.

Mwalimu wake wa misheni, aliniambia baadaye, alikuwa akiwachapa wasichana viganja kwa kitambaa kisichopindwa. Ukingo usiopindwa ulikuwa aibu ya nyumba nzima. Basi mumewe akahamishiwa shamba jingine, ng'ambo ya mto, nyuma ya Pangani, na walipewa muda mfupi wa kufungasha. Eliwaza akaja kuniaga mchana. Mamkubwa alikuwa kwenye hitima, Baba Mkubwa baharini, na mimi nimelala usingizi wa wajawazito ambao hata paa likianguka huamki. Hakutaka kuniamsha. Akauona mkeka umekunjwa ukumbini, akauona ule upande usiofungwa, akasema moyoni kwamba shoga yake atazaa juu ya kitu kizuri kilichokamilika. Akatoa katani aliyokuwa nayo mkobani, akakaa, akakunja ncha moja moja, akafunga ukingo wote kwa mshono wa msalaba. Akaukunja tena alivyoukuta, akaweka juu yake foronya mbili alizonishonea, akaenda zake. Nilipoamka nikaona foronya nikalia kwa kuachwa bila kwaheri. Mkeka sikuufungua.

Uchungu ulinianza asubuhi, siku chache baadaye. Mamkubwa hakuwa na papara. Akafungua mafundo, akafungua mitungi, akamwaga maji mengi juu ya mkeka ukiwa bado umekunjwa ili ndago zilainike, kisha akautandika. Nilikuwa nimeshika nguzo ya kitanda. Niliona mgongo wake ukisimama. Akapitisha kidole ukingoni kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, na nilipotazama nami nikauona ule msalaba mweupe, umepangwa kwa mstari ulionyooka ajabu.

"Nani?" akauliza, ingawa alijua. Hapakuwa na mtu mwingine Ushongo nzima mwenye mkono ule.

"Hakujua, Mamkubwa."

"Hakujua? Ameshinda uani kwangu tangu kipupwe, ale, anywe, asijue? Yule hana mtoto. Kaona tumbo lako kila siku, kijicho kikamshika, akakufunga usizae. Astaghfirullah, na mimi ndiye n'lomkaribisha."

Nilimbishia. Nakumbuka nilimbishia kwa ukali mpaka uchungu ukanikatiza. Lakini jua lilipanda, uchungu ukawa unakuja kwa nguvu kisha unakatika, unakuja unakatika, na mtoto hashuki. Mamkubwa alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, akanitembeza uani, akaninywesha. Nikasikia harufu ya kile chumba cha Tanga, nawaapia, nikasikia kile kimya. Hapo ndipo mawazo mabaya yalipoingia. Nikaanza kukumbuka namna Eliwaza alivyokuwa akinitazama tumbo. Nikakumbuka siku alipoomba kuweka mkono mtoto akicheza, akauacha pale muda mrefu kupita kiasi. Mambo ambayo jana yake yalikuwa mapenzi yakageuka yote. Nikamwambia Mamkubwa aikate ile katani, achukue kisu aikate tu.

"Nikikata n'takuwa nimekata, sijafungua," akasema. "Aliyefunga ndiye afungue." Akatoka uani. Nilimsikia akimwambia Baba Mkubwa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Panda baiskeli. Nenda ukamlete yule mwanamke. Sitaki kumwona, lakini mlete."

Baba Mkubwa Sefu alikuwa mtu mzima, na njia ya kwenda kwenye pantoni ilikuwa mchanga mtupu. Namna alivyofika sijui. Ninachojua ni alichonisimulia Eliwaza: kwamba alikuwa anapika, akamwona mzee amesimama mlangoni hana pumzi, akasema, "Mama, unaitwa ukafungue mkeka, mwenzio hajifungui." Hakuelewa hata neno moja. Aliacha chungu motoni. Njiani, amekaa nyuma ya baiskeli, ndipo mzee alipomweleza, na kila pale mchanga ulipowashinda alishuka akakimbia kando. Alasiri ilikuwa imelegea alipoingia chumbani, vumbi mpaka kope, kiatu kimoja hana.

"Shikamoo mama," akasema.

Mamkubwa hakuitikia. Mtu wa kwetu anajua uzito wake: mwanamke mzima kukaa na shikamoo ya mtu, asiipokee, iwe inaning'inia hewani. Alimwonyesha tu ukingo. "Fungua."

Eliwaza alinitazama, na mimi nikajivuta nyuma. Sikukusudia, mwili ulijivuta wenyewe. Akapiga magoti. Katani ilikuwa imelowa, imevimba, kila fundo limekaza kama chuma. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa sindano, mwisho akainama akatumia meno. Machozi yalimtoka bila sauti na kuangukia ndago. Alifungua msalaba mmoja, akafungua wa pili, na ncha zikaanza kujiachia moja moja, zikinyanyuka. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ukingo ule, na kila ncha iliponyanyuka nilisikia kitu mgongoni kwangu kinalegea. Semeni mtakavyo. Mjukuu wangu muuguzi anasema ilikuwa hofu iliyonibana na hofu ndiyo iliyoniachia. Huenda. Fundo la mwisho lilipofunguka Eliwaza akasogea ukutani, mdomo unamtoka damu, na Mamkubwa akanishika mabega akasema, "Haya mwanangu, njia nyeupe."

Mtoto alizaliwa jua halijazama. Pakawa na kimya, kimya kile kile, nami nikafumba macho. Kisha akalia. Mwee! Alilia kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu, na majirani waliokuwa uani wakapiga vigelegele, na Baba Mkubwa akaanza kupiga adhana kabla hajakaribishwa ndani. Mamkubwa alimfuta mtoto, akamfunga, akanipa. Akageuka kwa Eliwaza, aliyekuwa bado ukutani, akamtazama midomo ile iliyochanika.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Kisha akaiokota ile katani sakafuni, akainyoosha kwenye paja lake, akampa. Kufunga ukingo baada ya mtoto kulia ilikuwa haki yake yeye, mwanamke mkubwa wa nyumba, na hakuwahi kumwachia mtu. "Sasa ndiyo wakati wake. Ufunge. Kwa mshono wako ule ule." Akatoka kwenda kunikorogea uji wa pilipili manga, na tulimsikia jikoni akimgombeza mumewe kwa kuleta kuni mbichi, ili watu wasijue kwamba analia.

Eliwaza akakaa kitako karibu nami na kuvuta mkeka mapajani. Akakunja ncha, akafunga, akakunja, akafunga. Mtoto alikuwa ananyonya. Nilitaka kusema maneno mengi na nikachagua la kijinga kuliko yote.

"Uliamini kwamba umenifunga?"

"Sikuamini," akasema bila kuinua kichwa. "Hata njiani sikuamini. Hata sasa."

"Basi ulikuwa unalilia nini?"

Akavuta katani, akaikaza, akaikata kwa meno, akajuta kwa sababu ya mdomo wake.

"Nilipoingia uliniogopa," akasema.

Nilimtoa mtoto kifuani hajashiba, anapiga kelele, nikausogeza pembeni ule mkeka uliokuwa mapajani mwake, nikampakatisha Eliwaza.